Asiyekuwapo na Lake Halipo: Maneno kwa Vijana wa Ufipa

 Nasema hasa na ninyi vijana wa Namanyere, Chala, Kirando na Kipili, na wote mlimao katika nchi hii ya juu iliyo kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu wenu. Leo nataka kusema nanyi habari ya uraia.

Neno hili wengi hulisikia darasani, wakaliandika katika daftari, na mtihani ukiisha wakaliacha humo humo. Lakini uraia si somo la kushindia mtihani. Ni kazi, kama kulima kulivyo kazi, na asiyeifanya kazi hii hupata hasara yake mwenyewe.

Chukueni mfano huu. Kijana ametimiza miaka 22, anataka kuoa, anataka shamba lake mwenyewe. Aenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba ardhi. Aambiwa, “Upande ule wa mtoni umekwisha kugawanywa.” Auliza, “Nani aliugawanya?” Ajibiwa, “Mkutano mkuu wa kijiji.” Auliza tena, “Lini?” Ajibiwa, “Mwaka jana, mbiu ya mkutano ilipigwa, watu wakaja, wakanyosha mikono. Wewe ulikuwa wapi?” Hapo kijana hana neno. Alikuwako kijijini siku ile, tena si mgonjwa. Alikuwa amekaa kivulini na wenzake, akisema kwamba mikutano ni mambo ya wazee. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi tutazame kwanza haki hii ilitoka wapi, maana kitu kilichopatikana bure hudharauliwa, na hiki hakikupatikana bure.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926. Kwa muda wa miaka 19 hapakuketi Mwafrika hata mmoja humo. Mwaka 1945 waliingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, nao waliteuliwa na Serikali ya kikoloni. Hakuna mwananchi aliyeulizwa. Uchaguzi wa kwanza wa baraza lile ulifanyika mwaka 1958 na 1959. Lakini je, nani aliruhusiwa kupiga kura? Ni mtu aliyetimiza miaka 21, na zaidi ya hayo awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au awe na kiwango cha elimu kilichotakiwa, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Mkulima wa Ufipa mwenye ghala lililojaa ulezi, mwenye akili na heshima, hakuwa na sauti. Katika nchi nzima walioandikishwa hawakufika laki moja. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ndiyo maana wajumbe wa TANU walipokutana Tabora mwezi wa Januari 1958 walibishana sana kama waingie katika uchaguzi wa namna ile au wasusie. Mwishoni waliamua kuingia, nao wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Leo Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Haulizwi ana fedha kiasi gani, wala amesoma mpaka wapi. Kile walichonyimwa babu zenu, ninyi mmekikuta mlangoni.

Lakini kupiga kura ya Rais, Mbunge na Diwani ni kazi ya siku moja katika miaka mitano. Mtu akifikiri kwamba uraia ndio huo tu, basi amekuwa raia siku moja, na siku nyingine zote amekuwa mtazamaji. Iko haki nyingine, iliyo karibu zaidi, ambayo vijana wengi hawaijui. Ni mkutano mkuu wa kijiji.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yasema kwamba kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Hahitaji kuteuliwa wala kualikwa kwa barua. Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Ndio uchaguao halmashauri ya kijiji, nao una uwezo wa kumwondoa mjumbe wa halmashauri asiyefaa. Halmashauri yenyewe ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na robo yao hapana budi wawe wanawake. Hali kadhalika, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Mwaona basi, yule kijana wa mfano wetu hakunyang'anywa shamba. Alikuwa na mkono wa kunyosha, akauficha.

Sasa nitawaambia mambo matatu ambayo kila kijana wa kijiji aweza kuyafanya.

La kwanza ni kuhudhuria. Mkutano huitishwa kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Mkulima anayeweza kukaa siku nzima akilinda mahindi yake yasiliwe na nyani hashindwi kukaa saa tatu akilinda ardhi ya kijiji chake. Na mkutano ukikawia kuitishwa, ni haki yenu kumwendea mwenyekiti kwa adabu na kumwuliza sababu.

La pili ni kuuliza habari ya fedha. Katika mkutano yapasa isomwe taarifa ya mapato na matumizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa mbele ya watu ni sawa na kutokuwapo. Ninyi mmesoma hesabu. Mzee wenu pengine hakupata nafasi hiyo. Chukueni kalamu, andikeni tarakimu zisomwapo, kisha zilinganisheni na zile za mkutano uliopita. Ikiwa hazipatani, simameni mseme kwa heshima: “Baba Mwenyekiti, naomba ruhusa niulize. Katika taarifa iliyopita tulisikia kwamba michango ya ujenzi wa darasa ilibaki. Naomba tujulishwe fedha hizo sasa ziko wapi.” Hapo hukumtukana mtu wala hukumwita mwizi. Umeuliza tu, na kuuliza si ujinga. Kiongozi mwema hufurahi kuulizwa, kwa maana jibu lake humwondolea masingizio.

La tatu ni kujiandikisha. Hapa pana kosa linalowapata wengi. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi, ni la uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na vitongoji una orodha yake nyingine, iandikwayo karibu na siku ya kura. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa hivyo: watu walipewa siku kumi tu za mwezi wa Oktoba kujiandikisha katika vitongoji vyao. Aliyekuwa na kadi ya uchaguzi mkuu akadhani imemtosha, alifika siku ya kura akakuta jina lake halimo. Yasiwapate hayo tena.

Najua wako wasikilizaji wanaonijibu kimoyomoyo. Wa kwanza asema, “Mwalimu, penye wazee haliharibiki neno. Sisi ni watoto, yatupasa kunyamaza.” Nami nawaheshimu wazee, wala sitaki kijana awapigie kelele baba zake. Lakini kunyamaza si heshima yote. Heshima ni kusema ukweli kwa maneno mazuri na kwa wakati wake. Mzee akitoka mkutanoni pasipo kusikia neno la kijana, atajuaje kwamba kisima kimekauka, ikiwa waendao kuchota maji ni binti zake? Na ninyi mabinti, msifikiri kwamba zile nafasi za wanawake katika halmashauri zimewekwa kwa ajili ya mama zenu tu.

Wa pili asema jambo lililo zito zaidi: “Kura haina faida. Mambo yote yamekwisha kuamuliwa.” Sitawadanganya. Katika uchaguzi wa vijiji wa mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilitokea katika miji kadhaa na watu wakapoteza maisha yao, vijana wakiwa miongoni mwao. Hayo ni majonzi, na mwalimu anayewaficha wanafunzi wake majonzi ya nchi yao hafai kuitwa mwalimu.

Hata hivyo, kumbukeni yaliyotokea hapa hapa kwetu. Mwaka 2020, wakati karibu majimbo yote ya Tanzania Bara yalikwenda kwa chama kinachotawala, wapiga kura wa Nkasi Kaskazini walimchagua Aida Khenani, mwanamke wa CHADEMA, kuwa Mbunge wao. Sisemi haya kwa kusifu chama hiki au kile; mimi ni mwalimu, na darasani mwangu wamo watoto wa vyama vyote. Nasema ili mjue kwamba watu wa Nkasi walikwenda vituoni wakasema neno lao wenyewe, nalo likasikiwa Dodoma. Mwenye kukata tamaa kabla ya kwenda kituoni amekwisha kushindwa, wala hana wa kumlaumu.

Isitoshe, hata pale uchaguzi unapotia watu uchungu, mkutano wa kijiji unabaki, na mwaliko wake haukufungwa. Taarifa ya fedha itasomwa, ardhi itajadiliwa, mahali pa kujenga zahanati patachaguliwa. Watakaokuwapo ndio watakaoamua.

Sasa neno kwa wanafunzi ambao hawajatimiza miaka 18. Ninyi pia mna kazi. Chagueni viranja wenu kwa kutazama tabia, wala si kwa kutazama anayegawa peremende. Someni tangazo lililobandikwa katika ofisi ya kijiji, kisha msimulieni mama aliye jikoni na babu asiyeona vizuri. Jifunzeni kumsikiliza mwenzenu mpaka amalize, hata kama hamkubaliani naye. Mtoto aliyezoea hayo shuleni hatatetemeka atakaposimama mkutanoni.

Ndugu zangu, ninyi mwayajua matuta ya Ufipa. Mkulima hufunika nyasi ndani ya udongo, akangoja zioze, na msimu unaofuata ndipo apandapo nafaka yake. Mgeni akipita siku ile ya kufunika nyasi hudhani ni kazi bure, maana hakuna kinachoonekana. Ndivyo ilivyo kazi ya raia. Swali mnaloliuliza leo pengine halitajibiwa leo. Lakini mwenyekiti atakumbuka kwamba kuna watu wanaohesabu, na safari ijayo atakuja na daftari lake limeandikwa sawasawa.

Basi mkutano ujao ukitangazwa katika kijiji chako, acha jembe mapema, nawa mikono, chukua kalamu na kitabu, mshike mwenzako mmoja mwende pamoja. Kaeni mbele, mahali mnapoonekana.