Kifafa Ni Hitilafu ya Stima Kichwani, Si Laana

Mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wakazi, mitaa ya Eastlands



Mtu akianguka ghafla kwenye steji ya matatu, akakakamaa na kuanza kutetemeka, wapo wanaokimbia kwa kuogopa mate yake. Wengine hutafuta kijiko wamtie mdomoni. Wengine husema amerogwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayemsaidia. Ili kujua la kufanya, inafaa kuelewa kwanza kilichotokea ndani ya kichwa chake.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli iliyotulia ina umeme kidogo mno, kama milivolti 70, yaani karibu mara ishirini chini ya betri ndogo ya redio. Ikichochewa, vijilango kwenye utando wake hufunguka na chembe za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni, huingia ndani. Mabadiliko hayo hufungua vijilango vinavyofuata, na hivyo ujumbe hukimbia hadi mwisho wa seli. Kisha chembe za potasiamu hutoka, na seli hutulia tena. Katika neva zenye kasi zaidi, ujumbe huenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde.

Lakini seli nyingi hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna pengo jembamba kuliko unywele mara maelfu, na stima hiyo hailiruki. Hapo kazi huchukuliwa na kemikali. Seli inayotuma humwaga kemikali kwenye pengo, nayo hushika kwenye utando wa seli ya pili kama ufunguo kwenye kufuli. Mwaka 1921, mtaalamu Otto Loewi alilithibitisha jambo hili kwa mioyo miwili ya vyura. Alichochea neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayamwagia moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mapigo. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Ndani ya ubongo, kemikali iitwayo glutameti huchochea seli, na nyingine iitwayo GABA huzituliza. Ni kama mafuta na breki za gari. Katika kifafa, mizani hiyo huvurugika na seli nyingi hutuma umeme kwa pamoja, bila mpango. Ubongo mzima ukihusika, mtu huanguka na kutetemeka. Nyakati nyingine mtu haanguki. Mtoto anaweza kukodoa macho darasani kwa sekunde chache bila kujibu, akadhaniwa ni mkaidi, kumbe ni mgonjwa.

Chanzo kinaweza kuwa jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, au mabuu ya tegu wa nguruwe kuingia ubongoni. Wakati mwingine ni urithi, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Mate hayamo kwenye orodha hiyo. Kifafa hakiambukizi.

Dawa zake hufanya kazi palepale penye hitilafu. Fenobabito huipa GABA nguvu. Fenitoini na kabamazepini huzuia vijilango vya sodiamu visifunguke ovyo. Ndiyo maana humezwa kila siku, hata kama mgonjwa hajaanguka kwa miezi mingi. Anayeziacha ghafla huondoa breki, na anaweza kupata mishtuko mikali kuliko ya awali. Mama anayetarajia kupata mtoto asiache dawa mwenyewe. Amwone daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa, kama valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayetaka kuombewa na aombewe, lakini aendelee kumeza dawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata matibabu sahihi.

Mtu akipatwa na mshtuko mbele yako:

1. Tazama saa. Ondoa jiko, mawe na vyombo vyenye ncha karibu naye.
2. Mwekee nguo laini chini ya kichwa na ulegeze kola au tai.
3. Usimtie chochote mdomoni, wala usimkandamize.
4. Mtetemeko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke, na ukae naye hadi fahamu zirudi.
5. Mtetemeko ukizidi dakika 5, ukirudia kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito au ameumia, mpelekeni hospitali mara moja.

Wazazi, mtoto mwenye kifafa asifichwe nyumbani. Mpelekeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kutumwa katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki akihitaji uchunguzi zaidi. Mwelezeni mwalimu wake hatua hizi tano, ili mtoto asome na wenzake.