UJAZAJI WA FOMU ZILIZOCHAPWA KWA KUTUMIA KOMPYUTA

Matini ya mazungumzo kwa makarani wa masjala, wahasibu wasaidizi na masheha






Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ofisi za Serikali daftari hilo huanza na fomu. Mtoto hupata cheti cha kuzaliwa kwa fomu, huingia skuli kwa fomu, huajiriwa kwa fomu, na siku akiondoka duniani warithi wake huanza tena kwa fomu. Karatasi ni moja, lakini haki iliyobebwa ndani yake ni ya umri mzima. Kwa sababu hiyo ujazaji wake haufai kufanywa kwa pupa.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na kwa mashine ya chapa. Fomu nyingi zilipangwa kwa kipimo cha mashine hiyo: mistari 6 katika inchi moja, yaani milimita 4.2 hivi kwa kila mstari, na herufi 10 au 12 katika inchi moja. Karani aliingiza karatasi, akazungusha roli, akaona kwa macho yake herufi inaangukia wapi. Kompyuta imemwondolea taabu ya kuchapa upya kila anapokosea, lakini imemwondolea pia jicho hilo. Anachokiona kwenye kioo sicho kilichomo ndani ya printa, na makosa mengi hutokana na tofauti baina ya viwili hivyo.

Njia za kuifanya kazi hii ziko mbili. Ya kwanza ni kuchapa fomu nzima, mistari na majibu pamoja, juu ya karatasi nyeupe. Njia hii imekuwa nyepesi tangu kampuni ya Adobe ilipotoa muundo wa PDF mwaka 1993. Mwaka 1996 muundo huo uliongezewa visanduku vya kujazwa, na mwaka 2008 ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Njia hii inafaa kwa maombi ya kawaida. Haifai kwa karatasi zenye namba za mfululizo, kama stakabadhi na hundi, kwa kuwa hizo huchapwa mahali maalumu, huhesabiwa na hukaguliwa. Hizo huhitaji njia ya pili, nayo ni kuchapa majibu peke yake juu ya karatasi ambayo tayari ina mistari yake.

Njia hii ya pili ndiyo yenye kutaka uangalifu. Kwanza fomu tupu hupigwa picha kwa skana, na picha hiyo huwekwa kwenye programu kuwa kivuli cha nyuma. Juu ya kivuli hupangwa visanduku vya majibu, kila kimoja mahali pake. Kisha programu huamrishwa isichape kivuli, ichape majibu tu. Asiye na skana hutumia rula: hupima kutoka ukingo wa juu na ukingo wa kushoto hadi kila kisanduku, akaandika vipimo kwa milimita na kuviingiza kwenye programu. Kazi hii hufanywa mara moja kwa kila aina ya fomu, na faida yake hudumu muda wote ambao fomu hiyo haijabadilishwa.

Kabla ya kugusa fomu halisi, jaribio hufanywa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi hiyo huwekwa juu ya fomu na zote mbili huinuliwa dirishani dhidi ya mwanga. Kosa lolote la mpangilio litaonekana hapo hapo. Vilevile printa hutofautiana katika kulisha karatasi. Nyengine hutaka uso uwe juu na nyengine uwe chini. Alama ndogo ya penseli kwenye karatasi ya jaribio hutoa jibu bila ya kuharibu fomu hata moja.

Kosa linalowasumbua wengi ni la kipimo. Programu nyingi za kuchapia zina chaguo la kupunguza ukurasa ili utoshe kwenye karatasi. Chaguo hilo likiachwa wazi na ukurasa ukapunguzwa hadi asilimia 97, neno lililopangwa milimita 200 kutoka juu huangukia milimita 194. Milimita 6 zinatosha kulitoa jina la baba kwenye mstari wake na kulipandisha kwenye mstari wa mtoto. Ukubwa wa kuchapa uwe asilimia 100 kamili. Aidha, karatasi ya ofisi zetu ni A4, yenye milimita 210 kwa 297, ilhali baadhi ya programu huja zikiwa zimewekewa karatasi ya Kimarekani, yenye milimita 216 kwa 279. Ukubwa wa karatasi uhakikishwe kwanza, kabla ya kuilaumu mashine.

Kuna jambo jengine la mashine yenyewe. Fomu zenye nakala za chini, ambazo maandishi hupenya kwa mgandamizo, haziwezi kuchapwa kwa printa ya leza wala ya wino wa kurusha, kwani mashine hizo hazigongi karatasi. Zinahitaji printa ya nukta, ile inayogonga utepe kwa sindano. Na fomu yenye namba ikiharibika haichanwi wala haitupwi. Hupigwa mistari miwili, huandikwa kuwa imefutwa, na huhifadhiwa pamoja na nakala zake hadi mkaguzi aione.

Hayo ni makosa ya mashine, nayo huonekana kwa macho. Makosa mazito zaidi ni yale ambayo karatasi hutoka safi, yenye kupendeza, huku ndani yake mna uongo.

La kwanza ni mabaki. Karani hufungua fomu aliyoijaza kwa mtu wa mwanzo, akabadilisha jina na kusahau namba ya kitambulisho au jina la mama. Mtu wa pili huondoka na nasaba ya mwenziwe. Dawa yake ni kila mtu kuanziwa na fomu tupu, nayo ihifadhiwe isiweze kuandikwa juu yake.

La pili ni tarehe. Mzee husema alizaliwa mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, siku haijui. Programu hukataa kisanduku kitupu, na karani huweka 01/01/1963 ili apite. Siku hiyo ya kubuni huhama kutoka fomu hadi fomu mpaka ikawa kweli ya kiserikali, na mwisho wake huonekana pale hesabu ya kiinua mgongo inapogombana na cheti chengine. Ikiwa programu inalazimisha siku, basi mahali pa maelezo paandikwe wazi kuwa mwaka pekee ndio uliothibitishwa.

La tatu ni majina. Fomu nyingi huuliza jina la kwanza, la kati na la ukoo, ilhali desturi yetu ni jina la mtu, la baba na la babu. Karani mmoja huandika jina la babu kwenye kisanduku cha ukoo, mwengine huandika la ukoo lenyewe, na mtu mmoja huwa wawili mbele ya kompyuta. Ofisi iamue utaratibu mmoja na iufuate. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti. Makame asigeuzwe Makami kwa sababu ya masikio ya mwandishi.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Asitie saini wala dole gumba kabla ya kuisoma karatasi, au kusomewa kwa sauti ikiwa hasomi. Kuuliza si utovu wa adabu, na karani asiyependa kuulizwa hajajua kuwa swali hilo linamlinda yeye mwenyewe. Dakika mbili za kusoma mbele ya dirisha la ofisi ni nafuu kuliko safari za kwenda na kurudi baina ya Unguja na Pemba kutafuta marekebisho.

Kompyuta huandika inachoambiwa. Amana ya kusema kweli imebaki mikononi mwa anayejaza na anayetia saini, kama ilivyokuwa wakati wa kalamu na wino.