Ua Juu ya Ua: Kuchagua Waridi la Kutambaa kwa Ua Unaopigwa na Jua

Mazungumzo ya elimu kwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru kuhusu upandaji wa maua nyumbani



Kiswahili kina neno moja lenye mambo mawili. Ua langu ni la kunusa. Ua wangu ni wa kuzuia ng'ombe wa jirani. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuliweka lile la kwanza juu ya huu wa pili bila kupoteza pesa, maji wala ujirani mwema.

Kaunti ya Nakuru inajulikana mbali kwa mawaridi. Mashamba ya kandokando ya Ziwa Naivasha hukuza maua hayo kwa ajili ya masoko ya Ulaya, na waridi ndilo linaloongoza katika maua ambayo Kenya huuza nje. Ni rahisi basi kwa mkazi kudhani kwamba waridi ni waridi, na kwamba kijiti chochote kilichotoka shambani kitapanda ua wake. Hapo ndipo hasara huanzia.

Mawaridi ya mashamba hayo yamezalishwa yatoe shina moja refu lililonyooka, lenye ua moja juu, la kufungwa kwenye shada. Hayatambai. Mkazi akiyapanda kando ya ua wake atapata vichaka vya kimo cha kifua, na waya utabaki wazi. Tena, nyingi za aina hizo zina wenyewe. Sheria ya mbegu na aina za mimea inalinda haki za waliozizalisha, na kuzizidisha kwa biashara bila idhini yao hakuruhusiwi. Kwa hiyo anayeuza miche barabarani kwa kusema tu kwamba "ni ya Naivasha" hajajibu swali la mnunuzi. Swali ni hili: je, hili ni waridi la kutambaa, na jina lake ni nani?

Waridi la kutambaa ni lipi?

Waridi halina vikonyo vya kujishikia kama mmea wa pasheni, wala halijizungushi kama maharagwe ya kupanda. Hutoa mashina marefu, na miiba yake humsaidia kukwama hapa na pale. Kazi ya kulishikiza kwenye ua ni ya mwenye nyumba.

Kuna makundi mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyatenganisha. La kwanza ni mawaridi ya kutambaa ya kawaida. Mashina yake ni magumu kiasi, hufika mita 3 au 4, na mengi hurudia kuchanua. La pili ni yale yanayosambaa kwa nguvu, yenye mashina mengi mepesi yanayoweza kufika mita 6 hata 10. Mengi ya kundi hili huchanua mara moja kwa mwaka, na yalitokana na nchi zenye majira ya baridi kali. Kwa ua wa kimo cha mtu, kundi la kwanza ndilo linalofaa. La pili litaumeza ua, kisha lianze kutafuta paa la jirani.

Kaunti hii haina majira ya baridi ya kuulaza mmea. Waridi linalorudia kuchanua huweza kutoa maua kwa vipindi mwaka mzima likipata maji na chakula. Sifa hiyo ya kurudia ndiyo ya kwanza kuuliza kitaluni, hata kabla ya rangi.

Jua la hapa si jua la vitabuni

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Uingereza na Marekani. Humwambia msomaji atafute ukuta unaotazama kusini, kwa sababu huko jua huwa upande wa kusini. Nakuru iko karibu kabisa na Ikweta, na hapa ushauri huo haufuatiki.

Ua unaotoka kaskazini kwenda kusini hupata jua la asubuhi upande wa mashariki na jua la alasiri upande wa magharibi, mwaka mzima. Upande wa mashariki ndio bora zaidi kwa waridi: umande hukauka mapema, na majani yakikauka mapema magonjwa ya ukungu hupungua. Upande wa magharibi pia unafaa, ila mmea utahitaji maji zaidi, kwa kuwa jua la alasiri hukuta ardhi imeshapata joto.

Ua unaotoka mashariki kwenda magharibi una tabia nyingine. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua huelekea kaskazini, kwa hiyo upande wa kaskazini ndio unaoangaziwa. Miezi inayobaki jua huhamia upande wa kusini. Mkazi mwenye ua wa namna hii asishangae waridi likichanua kwa jirani nusu ya mwaka na kwake nusu nyingine. Hilo si uchawi wala si samadi ya jirani.

Waridi huhitaji angalau saa 6 za jua kwa siku. Kabla ya kununua mche, mkazi atenge siku moja ya kuangalia ua wake asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kazi hiyo haina gharama.

Pia aangalie ua wenyewe umejengwa kwa nini. Mabati yaliyopigwa na jua huwa moto kiasi cha kuunguza machipukizi. Penye mabati, zifungwe nyaya kwenye nguzo zilizosimama mbele yake, ili hewa ipite katikati. Ua wa waya, wa mbao au wa seng'enge hauna shida hiyo.

Majina manne ya kuuliza

Si kila kitalu kina kila aina, lakini mnunuzi mwenye majina mkononi hupotoshwa kwa shida. Haya hapa manne, pamoja na tabia zake.

Iceberg ya kutambaa. Iceberg ya kichaka ilitoka Ujerumani mwaka 1958, na ile ya kutambaa ni chipuko lake lililogeuka. Maua yake ni meupe, huja kwa mafungu na hurudia. Miiba yake ni michache. Mnunuzi aseme wazi kwamba anataka ile ya kutambaa, kwa sababu ya kichaka ina jina hilohilo na haitafunika ua.

Golden Showers. Ya mwaka 1956, kutoka Marekani. Ni ya manjano, hufika takriban mita 3, miiba ni michache, na huchanua tena na tena. Hufaa ua mfupi.

New Dawn. Ya mwaka 1930. Mwaka 1931 ilipewa hataza ya kwanza kabisa ya mmea nchini Marekani. Ni ya waridi iliyofifia, ina nguvu na hustahimili magonjwa, lakini ina miiba mikali. Hufaa nyuma ya boma, mahali pasipopita watoto.

Zéphirine Drouhin. Ya Ufaransa, mwaka 1868. Haina miiba, na harufu yake ni nzuri. Udhaifu wake ni ubwiri unga na madoa meusi ya majani. Anayeichagua ahakikishe ua wake unapitisha hewa vizuri, na awe tayari kuikagua kila wiki.

Mfano wa ua mmoja

Chukulia mkazi wa Gilgil mwenye ua wa waya wa mita 12, unaotazama mashariki, kando ya njia ya watoto wa shule. Jua analo. Maji hununua kwa mtungi. Anataka kufunika ua ili vumbi lipungue na nyumba isionekane moja kwa moja kutoka njiani.

Akisikiliza haraka yake atapanda mche kila mita, yaani miche 12, apate kivuli upesi. Lakini mche mmoja wa kutambaa, unaoanza kushika, huhitaji lita 10 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Miche 12 itataka lita 240, ambazo ni mitungi 12 ya lita 20 kila wiki. Baada ya mwezi wa kwanza wa kiangazi atachoka kununua, na miche yote itadhoofika pamoja.

Akiipanda kwa nafasi ya mita 3 atahitaji miche minne tu: ya kwanza mita moja na nusu kutoka pembeni, na nyingine kila baada ya mita 3. Kila mmoja utafunika mita moja na nusu kulia na mita moja na nusu kushoto. Maji yatakuwa lita 80 kwa wiki, mitungi minne. Hesabu hiyo anaweza kuibeba. Ua hautafunikwa mwaka wa kwanza, bali mwaka wa pili au wa tatu, lakini utafunikwa.

Na kwa kuwa watoto hupita hapo, mkazi huyu anaachana na New Dawn ingawa ni ngumu kufa. Anachagua Iceberg ya kutambaa. Mwiba kwenye jicho la mtoto ni jambo lisilorekebishwa kwa kupogoa.

Kupanda na kufunga

Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, iwe za masika kuanzia Machi au za vuli kuanzia Oktoba. Shimo liwe na upana na kina cha nusu mita, umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye ua, ili mizizi isibanwe na nguzo. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Baada ya kupanda, ardhi ifunikwe kwa nyasi kavu, bila kugusa shina, ili unyevu usipotee.

Miche mingi huwa imeungwa juu ya shina la waridi jingine gumu. Chipukizi likitokea chini ya kiungo, hilo si waridi lililonunuliwa. Ling'olewe mapema, la sivyo litalishinda lile la juu.

Siri ya ua uliojaa maua iko katika kufunga. Shina likiachwa lisimame wima, nguvu zote hukimbilia nchani, na maua huwa juu tu huku chini kukiwa vijiti. Shina hilohilo likilazwa taratibu pembeni, karibu sambamba na ardhi, kila jicho huamka, hutoa tawi dogo, na kila tawi hubeba maua. Zitandazwe nyaya kwenye nguzo kwa nafasi ya sentimita 40 hivi, na mashina yalazwe yakiwa bado machanga, kwa maana yakikomaa huvunjika. Kamba iwe laini, kama kipande cha kitambaa au katani, na fundo liwe legevu. Waya mwembamba hukata shina linaponenepa.

Miaka miwili ya kwanza mashina makuu yasikatwe, isipokuwa yaliyokauka. Baadaye, yakatwe matawi madogo yaliyokwisha kuchanua na kubakizwa macho mawili au matatu.

Wadudu na dawa

Vidukari kwenye machipukizi huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo. Utitiri mwekundu hupenda kiangazi na hujificha chini ya majani. Kunyunyizia maji upande huo asubuhi huupunguza. Majani yenye madoa meusi yaokotwe na kuchomwa. Ikibidi kutumia dawa, iwe iliyosajiliwa nchini, isomwe maelezo yake, na watoto na mifugo wawekwe mbali.

Kabla ya kuchimba

Mambo matatu yamalizwe kwanza. Ua ukiwa wa mpaka, jirani aombwe kwa maneno, kwani nusu ya miiba itakuwa kwake. Ua ukiwa kwenye kona ya barabara, waridi lisizibe macho ya madereva na wapita njia. Na seng'enge isiondolewe kwa kutegemea miiba: waridi changa halimzuii mwizi wala mbuzi.

Kwa mkazi ambaye jua analo lakini maji hana kabisa, jibu la kweli ni kwamba bogonvilia itamtumikia vyema kuliko waridi lolote. Hiyo ikishashika huvumilia ukame. Waridi apande moja tu, karibu na mlango, mahali ambapo maji ya kusuuzia mboga yatamwagwa kila siku.

Mwenye swali amwone afisa wa ugani wa wadi yake, aende na kipimo cha ua, na aeleze unatazama wapi. Kwa mambo hayo mawili atasaidiwa kuchagua mche kabla pesa haijatoka mfukoni.