Habari Zetu Zikivuja, Nani Aweza Kushtaki?



Huku Kaloleni, Jericho na Makadara twaulizana: majina yetu, namba za vitambulisho na za simu zikivuja kutoka kwa kampuni tuliyoiamini, nasi hatukuibiwa hata senti, tutadai hasara gani?

Huko Marekani swali hili limewashinda wengi. Mwaka wa 2021, katika kesi ya TransUnion, mahakama yao ya juu kabisa ilisema watu 1,853 ambao habari zao za uongo zilipelekwa kwa wengine waweza kudai. Wenzao zaidi ya 6,000, ambao uongo wao ulikaa tu katika faili, walikataliwa.

Hapa kwetu ni vingine. Sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za watu, kifungu cha 65, yampa fidia aliyedhurika, wala dhara si fedha peke yake. Hata uchungu wa moyo umo. Tuyashike maneno hayo, maana wakili wa kampuni hatatukumbusha. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, nayo huandikwa. Uchunguzi umalizike katika siku 90. Asiyeridhika aenda Mahakama Kuu.

Lakini faini si fidia. Mwaka wa 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, wenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba walizozipata kwa watu wengine na kupeleka vitisho. Faini hiyo haiingii mfukoni mwa aliyetishwa. Fidia yake lazima aidai mwenyewe.

Babu zetu walivaa kipande shingoni, na kila askari aliweza kusoma mshahara wao. Leo Katiba ya 2010, ibara ya 31, yalinda siri za mtu, na ibara ya 22 yaruhusu chama kwenda mahakamani kwa ajili ya wanachama wake. Basi kwa nini mtu wa kufunga mabehewa apigane peke yake na kampuni kubwa, na chama kipo?

Waliopata ujumbe wa vitisho, au barua ya kampuni kwamba habari zao zimevuja, wasifute kitu. Wamletee katibu wa tawi simu na barua hizo, tuandike malalamiko pamoja.