Saratani Hii Inasubiri Miaka 15. Kwa Nini Mama Zetu Bado Wanachelewa?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa ndani wa vijana wa chama, mkoani Kigoma, Oktoba 2024. Wengi mliniomba niiweke hapa, nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

  

Najua mlitegemea niongelee uandikishaji, mawakala na kulinda kura Novemba 27. Hayo yana wenyewe na mmeshayasikia tangu asubuhi. Mimi naomba niongelee mlango wa kizazi.

Naona vijana wa nyuma mnaangaliana na kucheka. Chekeni tu, siwalaumu. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, na aibu ile ilinigharimu mama.

Mama yangu alikuwa mkulima. Mihogo, maharage, na michikichi michache aliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka 2013 alianza kulalamika kiuno. Baadaye akaanza kutokwa damu wakati hedhi alishakoma zamani. Hilo la damu hakuniambia. Nilipomuuliza alinijibu, "Ni mambo ya kike, mwanangu." Na mimi, nasema ukweli mbele yenu, nilishukuru kimoyomoyo kwamba haendelei kunieleza. Nikamnunulia dawa za maumivu, nikaona nimeshatimiza wajibu wa mtoto wa kiume.

Alikwenda zahanati mara 3. Mara zote 3 alirudi na dawa za U.T.I. Hakuna hata mara moja aliyopandishwa kitandani akaangaliwa. Simtaji mtu wala zahanati, maana yule muuguzi alikuwa peke yake: anazalisha, anachoma sindano, anagawa dawa, anajaza madaftari. Chumba kimoja, pazia moja, na foleni mpaka chini ya mwembe.

Alipopata rufaa, tayari alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Wakati ule hospitali ya umma yenye mashine za mionzi ilikuwa moja nchi nzima: Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka hapa Kigoma mpaka kule ni zaidi ya kilomita 1,200. Tuliuza michikichi. Tukapanda treni, daraja la tatu, mama amelala juu ya kanga mbili.

Tulifika Novemba 2014. Kule walitupokea vizuri, sina la kulalamika. Daktari alimpima, akaniita pembeni, akaniuliza swali moja tu: "Mlikuwa wapi siku zote?"

Tulirudi naye Kigoma akiwa bado hai. Unajua kwa nini? Kwa sababu kumsafirisha mgonjwa ni nafuu kuliko kusafirisha maiti. Hesabu hiyo tuliipiga mimi na mjomba, tumekaa kwenye ngazi za hospitali, mama akiwa ndani. Tulimzika Februari 2015. Alikuwa na miaka 49.

Sasa sikilizeni jambo jingine la mwezi uleule. Novemba 2014 Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani. Ugonjwa uligundulika mapema, akatibiwa, akapona. Aliporudi aliwaambia Watanzania hadharani alichokuwa anaumwa, akawahimiza kupima. Alifanya jambo jema, na wala sijaja hapa kumlaumu mtu kwa kupona. Kila mtu anastahili kupona.

Ninachouliza ni hiki. Katika nchi moja, mwezi mmoja, watu wawili wana saratani. Mmoja iligundulika mapema kwa sababu kuna daktari anayemwangalia mara kwa mara hata kama hajisikii kuumwa. Mwingine alikwenda mwenyewe kwa miguu mara 3 akiwa anavuja damu, na hakuna aliyemwangalia. Ocean Road ipo jirani kabisa na Ikulu, unatembea kwa mguu. Kwa mwanamke wa kwetu ipo mwisho wa reli.

Msije mkaniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu tumuache. Tuongelee huu ugonjwa unavyofanya kazi, halafu ninyi wenyewe mtaamua nani kachelewa.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kinaambukizwa kwa ngono. Sisi wanaume tunakibeba bila dalili yoyote na tunakipeleka nyumbani, kwa hiyo wale mnaosema "haya ni mambo ya kike", kaeni vizuri kwenye viti. Mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Kisipoondoka, kinaanza kubadilisha chembe za mlango wa kizazi pole pole. Kuanzia hapo mpaka iwe saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, ni miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye VVU ambaye hatumii dawa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10, na hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara 6 ya mwanamke asiye na VVU.

Miaka 15, makamanda! Ni ugonjwa gani mwingine unaokupa miaka 15 ya kujiandaa? Hiyo ni vipindi vitatu vya ubunge.

Na kipimo chake? Msifikirie mashine ya mabilioni. Kipo kipimo kinaitwa VIA. Muuguzi aliyefundishwa anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kwa taa. Penye mabadiliko panageuka peupe. Akiona hivyo, na mabadiliko bado ni ya awali, anaweza kutoa tiba mgando au ya joto siku ileile, mama anarudi nyumbani. Siki, taa, kitanda, pazia, na muuguzi ambaye hajaelemewa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mama yangu alivikosa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya 10,241 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo 6,525. Gawanyeni kwa siku 365. Ni karibu wanawake 18 kila siku. Hiyo ni Hiace moja imejaa. Hebu fikirieni Hiace moja iliyojaa akina mama itumbukie mtoni leo. Bendera nusu mlingoti, salamu za rambirambi, tume ya uchunguzi. Kesho nyingine, keshokutwa nyingine. Hizi za saratani hakuna anayezitangaza, kwa sababu abiria wake wanashuka mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kijiji chake, na jirani wanaambiwa "alikuwa anaumwa tumbo".

Na duniani ni hivyohivyo. Kati ya wanawake 350,000 hivi waliokufa kwa saratani hii mwaka 2022, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati. Kwa hiyo huu ugonjwa unaangalia mfuko kabla haujaangalia mwili.

Mtaniambia, "Lakini mambo yamebadilika." Ni kweli, yapo yaliyobadilika, na chama makini hakiogopi kusema ukweli. Leo Bugando, Mwanza, nako kuna mionzi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka huu wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanapata dozi moja tu, wamemaliza. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Lakini sheria kwenye karatasi haimpandishi mtu kitandani. Wakati sheria ile inajadiliwa, serikali yenyewe ilikuwa inasema Watanzania wenye bima ni kama asilimia 15. Wengine walikuwa na CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ambayo ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa. Sasa niambieni, mionzi iko hospitali gani ya mkoa? Unakata kadi, unaumwa ugonjwa mkubwa, kadi inakusindikiza mpaka stendi, inakuambia safari njema.

Mwaka 2001 kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Miaka 23 imepita, na sisi bado hatujafika hapo. Barabara ya msafara ikiwa na mashimo inazibwa usiku mmoja. Muuguzi wa pili kwa zahanati yenye foleni unaambiwa subiri bajeti.

Sasa tufanye nini? Maana kulia tumeshalia.

La kwanza linatuhusu sisi wenyewe. Nimeona kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, na wengine mmo humu ndani, mnasambaza kwamba chanjo ya HPV ni mpango wa kufunga vizazi vya mabinti. Hiyo ni hasira yetu kwa serikali inayotafuta pa kutokea. Kuipinga serikali hii ni haki yangu na nitaipinga mpaka mwisho. Kumnyima mtoto wa dada yangu chanjo kwa sababu ya hasira hiyo ni kumfanyia alichofanyiwa mama. Januari mwaka huu watafiti wa Scotland walitoa matokeo: kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 kule kwao, hawakukuta hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja! Futeni zile meseji leo.

La pili ni la Novemba 27. Wengi wenu mnagombea uenyekiti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Watu wanauchukulia kama uchaguzi mdogo. Mama yangu hakuuawa na jambo lililoamuliwa Dodoma peke yake. Kilichoanza kumuua kilikuwa kwenye zahanati ya kijiji, ambayo ina kamati yake, na kijiji kina mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Mkichaguliwa, na hata msipochaguliwa, simameni kwenye mkutano muulize maswali matatu. Mara ya mwisho zahanati hii kupima akina mama mlango wa kizazi ilikuwa lini? Ni muuguzi gani hapa amefundishwa kupima, na akihamishwa nani anabaki? Mama akikutwa na tatizo, anapelekwa wapi na kwa nauli ya nani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Asipojibiwa mtu kwenye mkutano wa kwanza, aulize wa pili.

La tatu linafanyika nyumbani, jioni ya leo. Kijana wa kiume, muulize mama yako, dada yako, mkeo: umeshapima? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Mkikosa maneno semeni mmetumwa na mimi.

Mwaka jana nilimpeleka dada yangu mkubwa. Alikataa mara mbili, akaniambia mimi ni mdogo wake na yale si mazungumzo ya kaka na dada. Nikamwambia, dada, mimi niliwahi kuona aibu mara moja, sina mama wa pili wa kuonea aibu. Akacheka, akavaa viatu. Kipimo kilionesha mabadiliko ya awali. Alifanyiwa tiba mgando palepale. Tulitumia nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi. Jioni ile alisonga ugali, akanipakulia kama kawaida, akaniuliza kwa nini sili.

Nilikuwa napiga ile hesabu upya, makamanda. Shamba la michikichi, treni ya siku mbili, mama mwenye miaka 49. Na upande wa pili, nauli ya bodaboda.

Nendeni mkaulize.