Ziwa Lisilo na Mto wa Kutokea: Jiografia ya Ziwa Rukwa na Wajibu wa Watu wa Milimani

Mada kwa semina ya watendaji wa kata na walimu wa jiografia, Tunduma



1. Utangulizi

Tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016, mazungumzo juu ya Ziwa Rukwa yamewahusu zaidi wavuvi. Hoja yangu ni kwamba ulinzi wa ziwa hili unaanzia huku juu, kwenye mashamba na migodi.

2. Umbo la ziwa

Rukwa limo katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Tanganyika lenye kina cha takriban mita 1,470 na Ziwa Nyasa lenye takriban mita 700. Lenyewe ni refu, jembamba, lipo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake ni mita chache tu. Magharibi limezuiwa na ukuta wa Ufipa. Kwa kuwa sakafu yake ni tambarare, mvua nyingi huusogeza ufukwe mbali, na ukame huurudisha. Katika karne ya 20 upande wa kaskazini uliwahi kukauka ukawa mbuga, maji yakabaki kusini.

3. Mito miwili, hatima mbili

Tuna mito miwili iitwayo Songwe. Ule wa mpakani na Malawi unapita Ileje, unaingia Nyasa, na maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire hadi Zambezi na Bahari ya Hindi. Songwe wa pili, kama ulivyo mto Momba, unaishia Rukwa. Hapo maji hayana pa kwenda ila kupanda angani kama mvuke.

4. Kinachobaki

Mvuke haubebi chumvi wala udongo. Ndiyo sababu maji ya Rukwa yana magadi kiasi, ingawa perege na kambale wanaishi humo. Udongo unaomomonyoka wilayani Mbozi hupunguza kina kilichokwisha kuwa kidogo. Zebaki ya mialo ya kuoshea dhahabu, ikifika ziwani, hutulia kwenye tope na kuingia kwa samaki tunaowala.

5. Mapendekezo

(a) Kata zisimamie mita 60 za kingo za mito, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza.

(b) Mialo na makarasha (mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu) yawe mbali na mito, na masalia yake yahifadhiwe kwenye mabwawa yasiyovuja.

(c) Walimu wawaongoze wanafunzi kuchora ramani ya kijito cha kijiji chao hadi kinakoishia.

(d) Ofisi ya Bonde la Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya iwakutanishe wakulima na wachimbaji wa juu na wavuvi wa chini katika kikao kimoja, kwa kuwa uamuzi wa wa kwanza ndio unaopanga riziki ya wa pili.