TUSIKILIZE BONDE LA MTO WETU
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Dandora)

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za kuku. Tumekuja na simu tu, hii hii ya mfukoni, na ndani yake kuna mto.

Mnausikia? Huu ni Mto Nairobi, pale tunapotazamana na Korogocho. Jina lenyewe limetoka kwa Wamaasai, maana yake maji baridi. Maji haya huingia Mto Athi, mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Sikilizeni tena. Nyuma ya maji kuna malori, kuna chupa zinazogongana ndani ya magunia, na ule mlio kama wa mbao zinazopigwa. Ni wale korongo wakubwa wa dampo. Ndege huyu hawiki kama jogoo, hugonganisha mdomo. Watoto wetu wanaujua mlio huo kuliko wa chura.

Dampo lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, mahali palipokuwa machimbo ya mawe. Aliyesikia nyundo za wachimbaji akiwa mtoto, leo ni mzee. Je, nani amemwuliza?

Na walio kando ya mto hawana uhakika wa kukaa. Baada ya mafuriko ya 2024 Serikali iliwaamuru watu wa kingo za mito ya Nairobi wahame, nyumba nyingi zikabomolewa. Majirani wakitawanyika, habari za mahali nazo hutawanyika. Hatusemi kwamba kurekodi kutazuia tingatinga, la. Lakini kikundi kikiulizwa njia ya zamani ilipita wapi, maji yalifika wapi, ni afadhali kiwe na sauti ya mzee akieleza amesimama pale pale.

Kazi yenyewe si ngumu. Funika simu kwa kitambaa chepesi kuzuia upepo. Simama. Taja mahali, tarehe na saa, halafu nyamaza dakika 2. Hizo dakika 2 ndizo kazi, hasa kwa sisi tuliozoea mikutano! Nendeni alfajiri kabla ya malori, mrudi saa sita mchana, mlinganishe.

Ombeni ruhusa kwa kila anayesikika, hata kijana anayeokota plastiki. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis hapa Kenya. Zilihifadhiwa Afrika Kusini, na ni mwaka 2014 tu zilipoletwa tena kwa wenyewe. Miaka 64, jamani. Kwa hiyo nakala moja ibaki kwa katibu wa kikundi, nyingine kwa mwenye sauti au watoto wake.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukutane darajani. Kila kikundi kilete simu moja iliyochajiwa na mzee mmoja, na kiti cha huyo mzee msisahau.